Twiga wa Dirishani

 

Basi la alfajiri likitoka Mbezi, Dar es Salaam, pale kituo cha Magufuli, kwenda Iringa au Mbeya, abiria wengi huwa wameshalala kabla ya Chalinze. Morogoro wanaamka, wananunua maji, wanalala tena. Kisha barabara inaingia hifadhi ya Mikumi, dereva anapunguza mwendo kwa sababu ya matuta, na mtoto mmoja anapaza sauti: twiga! Basi zima linageukia upande mmoja. Mkulima anayerudi Makambako, mwanafunzi anayekwenda chuo, mama mwenye ndoo ya dagaa kati ya miguu yake, wote wananyoosha shingo. Barabara kuu inaikata hifadhi ile kwa kilomita 50 hivi, na katika kilomita hizo watu wa kawaida kabisa wanaona kile ambacho wengine wamevuka bahari kukitafuta.

Halafu tunafika tuendako, tunashusha mizigo, na twiga tunamwacha kule kule. Ukiulizwa nyumbani umeona nini njiani, unajibu, wanyama. Basi.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya namna moja ya kumfikisha twiga huyo nyumbani: mfarishi mdogo wa picha. Ninaposema mfarishi, usifikirie ule mkubwa wa kujifunika kwenye baridi ya Njombe. Huu ni mdogo, ukubwa wake kama ukurasa wa daftari kubwa, na kazi yake ni kutundikwa ukutani. Una tabaka tatu. Juu ni kitambaa chenye picha iliyopakwa rangi kwa brashi. Katikati ni pamba nyembamba. Chini ni bitana. Tabaka zote tatu zinashikwa na mishono, na mishono hiyo haijifichi. Inapita juu ya picha yenyewe, inafuata manyoya, inalizunguka jicho, inachora nyasi. Kwa hiyo picha inatengenezwa mara mbili, kwanza kwa rangi, kisha kwa uzi.

Mtu aliyenishawishi kwamba brashi na sindano zinaweza kukaa nyumba moja ni Faith Ringgold, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1930, akafariki 2024. Alikuwa mchoraji wa kanvasi. Mwaka 1972, akiwa safarini Ulaya, aliingia jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, akaona picha za kidini za Tibet zilizochorwa juu ya kitambaa na kuzungushiwa vitambaa vizuri, picha ambazo mtu anaweza kuzikunja na kuondoka nazo. Aliporudi kwao akaanza kuzungushia vitambaa michoro yake mwenyewe, na aliyemsaidia kushona ni mama yake, Willi Posey, mbunifu wa mavazi. Mwaka 1980 mama na binti wakatengeneza mfarishi wao wa kwanza, "Echoes of Harlem". Mama akafariki mwaka uliofuata, binti akaendelea peke yake, na mfarishi wake wa 1988 uitwao "Tar Beach" leo unamilikiwa na jumba la Guggenheim. Ringgold alichora zaidi watu wa mtaani kwake kuliko wanyama. Lakini angalia alichokipata safarini: picha inayokunjika. Mwanamke asiye na gari la mizigo aliweza kubeba maonyesho yake mwenyewe na kuyapeleka alikoalikwa.

Na sisi tuna mzee wetu, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichukua mbao za dari zilizokatwa mraba, akachukua rangi ya kung'aa, ile ya baiskeli, akachora. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka michache tu ya kazi, na mpaka leo namna yake ya kuchora inalisha familia nyingi. Nakuomba siku moja uzitazame picha zake yeye mwenyewe, si za waliomfuata. Mara nyingi utakuta mnyama mmoja tu, na nyuma yake rangi moja tulivu, bila msongamano. Ule utulivu ndio unaofaa kwa kitambaa kidogo.

Sasa niseme lililonileta. Kwa miaka mingi picha za wanyama wetu tumezitengeneza kwa ajili ya mgeni. Na mgeni anamtaka twiga mzima, aliyesimama ubavu, mlima Kilimanjaro nyuma yake, jua linazama. Sina ugomvi hata kidogo na fundi anayemchora hivyo. Ana kodi ya chumba na ada za watoto. Lakini twiga huyo hakuna abiria aliyemwona. Mikumi hakuna Kilimanjaro. Twiga wa dirishani ana shingo tu juu ya mgunga, miguu imefichwa na nyasi, na mbele yake kuna kipande cha lami na tangi la mafuta linalokwenda Tunduma. Huyo ndiye wetu. Huyo ndiye ninayetaka kumwona ukutani sebuleni, kwenye nyumba za watu wanaosafiri kwa basi.

Fanya hesabu kidogo. Basi likienda kilomita 50 kwa saa, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Mnyama aliye karibu na barabara unampata kwa sekunde tatu, nne, kisha ameshaachwa nyuma. Mtu atasema, sasa nitachora nini kwa sekunde tatu? Mimi nasema kitambaa kidogo hakihitaji zaidi. Hakina nafasi ya kila kitu. Kinataka umbo moja, rangi moja iliyotawala, na jambo moja ambalo mnyama yule alikuwa akilifanya. Ufupi wa muda na udogo wa kitambaa vinaelewana vizuri kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo safarini kaa na penseli na kijitabu. Simu iache mfukoni. Kioo cha basi kina vumbi, basi linatikisika, na wakati unaitafuta kamera, ngiri ameshaingia kichakani. Tazama kwanza mpaka mnyama aishe machoni. Ndipo uandike na kuchora mstari mmoja au miwili, haraka, kabla hujazungumza na jirani yako, kwa maana jirani akishaanza kukusimulia alichokiona yeye, picha yako inachanganyika na yake.

Utazame nini? Nikupe mifano. Ngiri akikimbia mkia wake husimama wima. Chora mkia huo na mwili mnene ulioinama mbele, kila mtu atamjua. Nyani wa Mikumi, yule wa rangi ya manjano aliyekaa kando ya lami, mkia wake huanza kwa kupanda kisha unavunjikia chini. Swala pala amepangwa kwa rangi tatu kutoka juu kwenda chini, mgongo wa kahawia yenye wekundu, ubavu uliofifia, tumbo jeupe, halafu mistari myeusi kwenye makalio na mkia. Pembe ni za dume peke yake. Mwenye brashi hawezi kuomba mnyama mwema zaidi ya huyo. Rangi tatu, na zote zinapakana kwa mistari mirefu.

Twiga ana siri yake, na wachoraji wengi wanaikosa. Akitembea kwa utulivu, miguu miwili ya upande mmoja huenda pamoja, wa mbele na wa nyuma, kisha inafuata ya upande wa pili. Punda hatembei hivyo. Ukimchora twiga kwa mwendo wa punda, mtu aliyekulia jirani na mbuga atahisi kitu hakiko sawa hata kama hatajua kukitaja. Na mabaka yake, kwa twiga wetu wa Tanzania na kusini mwa Kenya, yana kingo zilizochanikachanika. Ukienda Samburu, kaskazini mwa Kenya, utakuta twiga mwingine mwenye mabaka makubwa yenye kingo safi, yaliyotenganishwa na mistari myembamba myeupe. Usiwachanganye. Anayejua alikotoka ataona mara moja.

Msikilizaji wa Kenya, wewe una treni. Tangu 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi inapita Tsavo juu ya tuta, na tembo wa Tsavo kutoka dirishani ni wekundu. Wekundu kweli, kwa sababu wanajimwagia vumbi la udongo wa huko. Asiyefika atakwambia umekosea rangi. Usimsikilize. Mpake tembo kijivu kwanza, subiri ikauke, kisha chovya brashi kwenye rangi ya tofali, ifute karibu ikauke yote, uipitishe juu juu mgongoni na kichwani. Rangi ile ile ya tofali ipake ardhi anayoikanyaga. Tembo na udongo wakishakuwa wa rangi moja, hapo umeichora Tsavo hata bila mlima wala mti. Na aliyeko Kampala hana haja ya kusafiri mbali. Wale korongo wakubwa wenye vipara wanaosimama juu ya miti ya mjini wanatosha kwa mifarishi ya mwaka mzima.

Unguja ipo habari nyingine ninayoipenda kupita zote. Barabara ya kwenda kusini inapita msitu wa Jozani, na hapo utawaona kima punju, ambao asili yao ni Zanzibar tu, hawapo kwingine popote duniani. Mgongo mwekundu, mikono myeusi, tumbo jeupe, na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso, midomo na pua vina uwaridi. Watafiti wamewaona wakila mkaa. Ndiyo, mkaa huu wetu wa jikoni. Majani ya mkungu na mwembe wanayoyala yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa unasaidia kuzizuia. Hebu mfikirie kima mwenye kipande cha mkaa mkononi, ameketi, anatafuna. Sijaona duka la zawadi linalouza picha hiyo. Lakini mtu wa Pete au Jozani aliyemwona karibu na jiko lake ana haki ya kuishona kuliko mtu yeyote.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tafuta marekani, au bafta nzito kidogo. Ifue kwa sabuni na maji ya moto ili uondoe wanga wa kiwandani, la sivyo rangi itakaa juu juu na haitaingia ndani ya nyuzi. Piga pasi, kisha ibandike kwenye ubao kwa tepu pande zote nne. Chora kwa penseli laini. Rangi za akriliki zinatosha, zikizimuliwa kwa maji. Kitambaa kikiwa na unyevu rangi husambaa, kwa hiyo anga na nyasi za mbali zipake wakati huo, uziache zijiendee. Mnyama mpake kitambaa kikishakauka, kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito. Na usipake nene. Rangi nene inakikakamaza kitambaa, na sindano itakuja kugomba nawe baadaye. Iache ikauke mpaka kesho yake, ugeuze kitambaa, uweke kingine safi juu yake, upige pasi kavu bila mvuke. Hapo rangi imeshika.

Kama unataka mistari myeupe myembamba, ile ya twiga wa Samburu kwa mfano, wapo wanawake wa Weya, Zimbabwe, wenye mbinu nzuri sana. Wanachora kwa sadza, yaani ugali mlaini wa mahindi. Wanapitisha mistari ya ugali juu ya kitambaa, wanaacha ikauke, wanapaka rangi katikati yake, kisha wanakwangua ugali. Pale ulipokuwa panabaki peupe. Hakuna rangi nyeupe ya dukani inayotoa mstari mtulivu namna hiyo, na unga tunao.

Sasa zipange tabaka. Pamba ya katikati si lazima ununue. Blanketi kuukuu jembamba linafaa sana. Piga bandi ili zisiteleze. Kisha kaa kwenye cherehani. Shusha meno yake, na kama ni cherehani ya zamani isiyoshusha meno, yafunike kwa kibati. Kuanzia hapo cherehani haivuti tena kitambaa. Mkono wako ndio unaokisogeza, mbele, nyuma, kando, na mguu unaamua kasi ya sindano. Mkono ukikimbia na mguu ukachelewa, mshono unakuwa mrefu. Mkono ukisita, uzi unajaa mahali pamoja. Fundi wa mtaani kwako anayedarizi kanzu anaifanya kazi hii kila siku. Nenda kamtazame saa moja, utajifunza mengi kuliko nitakayokueleza hapa. Na hapa utaona sababu nyingine ya kupenda udogo: mfarishi mkubwa hubanwa chini ya mkono wa cherehani na haugeuki, wakati huu mdogo unazunguka vyovyote utakavyo.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili. Mahali palipojaa mishono panabonyea. Mahali palipoachwa panainuka. Basi ukijaza mishono kwenye nyasi na anga, na mnyama ukamwachia michache, mnyama anatoka mbele mwenyewe, na mwanga wa dirishani ukimpiga kwa ubavu anapata kivuli cha kweli. Rangi peke yake isingefika huko. Kwa twiga, pitisha sindano kwenye mistari iliyo kati ya mabaka tu, na kila baka litavimba peke yake. Kwa tembo, kila mshono uwe kunyanzi la ngozi, umezunguka goti, umefuata sikio. Kwa swala pala, mstari mmoja pale rangi zinapokutana unatosha, na usiongeze. Kwa kima punju, zile nywele nyeupe za kichwani ziache ziwe uzi uliolegea, unaoning'inia nje ya kitambaa.

Lakini fikiri kabla ya kukanyaga. Kitambaa kilichopakwa rangi hakisamehi. Tundu la sindano likishaingia linabaki, hata uzi ukiufumua.

Huna cherehani? Shona kwa mkono. Mafundi wa kofia za Unguja na Lamu wanashona tabaka mbili za kitambaa, tundu dogo baada ya tundu dogo, kila moja likizungushiwa uzi, na kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Wamekaa barazani, wanazungumza, mkono hausimami. Ukanda wetu unajua kushona kwa utulivu tangu zamani. Mfarishi wa ukubwa wa daftari kwa mtu wa aina hiyo ni kazi ndogo.

Jicho liache mpaka mwisho. Paka weusi wake, kisha chovya ncha ya njiti kwenye rangi nyeupe na uguse mara moja. Usipitishe mshono juu yake. Pembeni zungushia pindo la kanga iliyochakaa, ya mama au ya bibi, kama ipo. Ringgold alizungushia vitambaa picha zake, na sisi tuna kitambaa ambacho tayari kina pindo.

Wapo watakaouliza, na nimeulizwa, itauzwa wapi? Uza ukitaka. Watu watanunua, naamini hivyo kabisa. Ila ninakuomba wa kwanza utundike nyumbani kwako, pale watoto wanapokula. Mtoto wa Iringa mjini anayemwona swala pala kila siku ukutani, akijua kwamba baba yake alimwona kwa macho yake akitoka Dar es Salaam, atakaa dirishani akisafiri. Hatalala baada ya Morogoro.

Limebaki jambo la mwisho, na liko nyuma ya mfarishi. Alikuwapo mwanamke aitwaye Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya utumwa kukomeshwa yeye na mumewe walilima shamba dogo karibu na mji wa Athens, na alishona mifarishi ya picha. Hakutumia brashi, alikata vitambaa na kuvishonea juu. Inayojulikana kubaki ni miwili tu. Mmoja aliuuza mwaka 1891 kwa dola 5, kwa sababu ya shida, kwa mwalimu wa sanaa, na baadaye akarudi mara kadhaa kuutembelea. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian. Wa pili, alioushona kati ya 1895 na 1898, uko katika jumba la Museum of Fine Arts, Boston. Humo kuna nguruwe. Ni umbo tu la kitambaa. Lakini tunajua kwamba nguruwe huyo alikuwa jike, kwamba jina lake lilikuwa Betts, na kwamba alikimbia maili 500, kutoka Georgia mpaka Virginia. Tunajua kwa sababu maelezo ya kila picha ya mfarishi ule yaliandikwa na kutunzwa pamoja nao. Bila karatasi ile tungeona nguruwe tu, kati ya wanyama wengine.

Kwa hiyo kata kipande kidogo cha bafta, ukishonee nyuma, upande wa chini. Andika mnyama, mahali ulipomwona, mwezi na mwaka, ulikuwa ukitoka wapi kwenda wapi, na alikuwa akifanya nini. Andika jina lako kamili. Tumia kalamu ya wino usiotoka kwa maji, na upige pasi kabla ya kushona.